Nani atamtundika bibi wa watu sebuleni?

Haya ndo niliyoongea Jumamosi kwenye mkutano wetu wa Waswahili wa hapa kusini mwa London. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimetoa tu zile dakika kumi za maiki kugoma.

Assalaam aleikum, habari za jioni, wazee wangu shikamooni, nyie vijana wa nyuma pale mambo. Nimepewa nusu saa na harufu ya pilau imeshaanza kuingia, kwa hiyo najua nina dakika ishirini, ntajitahidi.

Mwenyekiti alivyonipigia simu nikamwambia jamani mi ntaongea nini, kazi yangu ni mnada, naangalia picha za watu waliokufa zamani nasema hii pauni kadhaa hii pauni kadhaa, nani anataka kusikia hayo Jumamosi. Akaniambia we hujui tu, nusu ya hawa watu wanalea wazee wa Kizungu majumbani, kila siku wakipanda ngazi wanapishana na hao marehemu ukutani. Na kweli, kabla sijakaa hapa mama mmoja kanivuta pembeni, anamlea bibi wa miaka 91 huko Surrey, ngazini kuna mzee kachorwa, mkubwa, kanuna, fremu ya dhahabu, akaniuliza kaka yangu hivi yule babu shilingi ngapi? Nikamwambia mama subiri ntakujibu mwisho. Nakuona mama, sijasahau.

Mi kwenye hii kazi nilianza kwa kubeba. Nyumba ya mnada ya mkoani, sio zile kubwa mnazozisikia kwenye taarifa ya habari, tunashusha makabati, tunapanga viti, siku ya mnada tunashika picha juu watu waione. Miaka minne nimeshika picha za watu, mikono inauma, lakini macho yanasoma. Ila shule yangu ya kwanza haikuwa hiyo, ilikuwa Karume, Dar es Salaam, kwa mama. Mama alikuwa anauza mitumba na akifungua belo haangalii rangi ya nguo, anaigeuza. Anaangalia mshono wa ndani, lebo, kwapa, pindo limeshonwa upya au ni la kiwandani, halafu ndo anaangalia mbele. Wateja wanaangalia mbele, we muuzaji angalia nyuma, hivo ndo alikuwa ananiambia. Kanvasi, kile kitambaa cha kuchorea, nayo ni hivo hivo, na siku moja nilisahau, ntawaambia ilivyoniponza.

Sasa tunaongelea wachoraji gani. Kuanzia miaka ya 1890 mpaka kama 1930 hivi kulikuwa na watu ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuchora wenye nazo. Mke wa mwenye benki, binti wa mwenye kiwanda cha pombe, lodi, mfalme, mtoto wa mfalme. Mfikirie kama yule mpiga picha wa harusi ambaye asipokupiga yeye basi watu wanasema hiyo harusi mbona kimya. Mkubwa wao alikuwa John Singer Sargent, wazazi Wamarekani, kazaliwa Florence 1856, akasomea Paris, na mwaka 1884 akamchora mke wa tajiri mmoja wa pale Paris, gauni jeusi, mabega wazi, na mkanda mmoja wa gauni umeteleza kutoka begani. Mkanda tu! Paris yote ikalipuka, mama wa yule dada akaenda kumlilia aitoe picha, Sargent baadaye akauchora mkanda upya ukiwa umekaa mahali pake na akahamia London. Ile picha sa hivi iko jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, hakuna anayeona aibu.

London ndo akawa Sargent yule tunayemjua, matajiri wa Uingereza na Marekani wanapanga foleni, mpaka akachoka. Mwaka 1907 akasema basi, potreti, yani picha za sura za watu, za kulipwa sitaki tena, anayetaka sura yake ntamchorea kwa mkaa saa mbili tatu aende zake. Inasemekana alikuwa anatania kwamba potreti ni picha ambayo mdomo wake una kasoro kidogo, maana kila ndugu wa mchorwaji lazima aje aseme hapana, mdomo sio huo.

Na mwaka huo huo wa 1907, kiti kikiwa bado cha moto, akahamia London jamaa mwingine, Philip de László. Huyu nampenda, ntakaa kwake kidogo. Mtoto wa fundi cherehani wa Budapest, Myahudi, familia ya kawaida kabisa, kazaliwa 1869. Kajisomesha mpaka Munich na Paris, kamchora Papa Leo wa 13, kamchora Kaiser wa Ujerumani, kamchora mfalme Edward wa 7, kamchora rais Theodore Roosevelt wa Marekani, mwaka 1933 kamchora binti wa miaka saba ambaye ndo baadaye akawa Malkia Elizabeth. Mwaka 1912 mfalme wa Austria na Hungaria akampa cheo cha ukabaila, 1914 akachukua uraia wa Uingereza, na 1917 Waingereza haohao aliowachora wakamkamata, kosa kawaandikia ndugu zake Hungary na kuwatumia hela wakati wa vita. Nyie mnaotuma hela nyumbani kila mwisho wa mwezi mnaelewa. Akawekwa ndani, akaugua, akaja kusafishwa jina 1919. Halafu akarudi kuwachora tena. Mi ningechora midomo mibaya makusudi.

Alikuwa na tabia moja, anaweka kanvasi ndani ya fremu tangu mwanzo, anapiga rangi huku anaiona picha itakavyokaa ukutani. Kwa hiyo de László akija kwetu na fremu yake ya mwanzo inakuwa raha, na akija kavuliwa fremu, kavalishwa fremu mpya ya dukani, mtu mzoefu anaona kabisa kuna kitu kinapwaya, kama suti ya kuazima.

Wengine ntawapitia haraka, Boldini, Muitaliano wa Paris, huyo alikuwa anachora wanawake kama vile upepo umewapitia, Orpen na Lavery wa Ireland, Zorn wa Sweden. Wote walikuwa na hela, wote walikuwa na majina. Halafu baada ya vita vya pili wakashuka bei vibaya mno. Majumba makubwa ya Uingereza yalikuwa yanavunjwa kwa kukosa hela ya paa, wenye akili za sanaa wakawa wanataka Picasso, bibi wa watu mwenye lulu shingoni akawa anauzwa kwa bei ya fremu yake. Bei zikaja kupanda tena taratibu baadaye, na hazikupanda kwa wote sawa, na hapo ndo kazi yangu inapoanzia.

Watu wanadhani ukitathmini potreti unatafuta tu jina la mchoraji, Sargent basi mamilioni. Sivyo. Potreti ina watu wawili, aliyechora na aliyechorwa, na kuna wa tatu ambaye wengi mnamsahau, naye ni yule atakayeitundika. Kila picha ikija mezani najiuliza kimoyomoyo, nani atamtundika huyu sebuleni kwake? Maana sio bibi yake. Ndugu zake ndo hawa wanauza.

Chukua de László mmoja. Upande huu binti wa miaka 22, gauni jeupe, kageuza shingo, rangi imepigwa haraka haraka unaiona brashi ilipopita. Upande huu mwenyekiti wa kampuni ya reli, miaka 68, koti jeusi, mkono kaushika kitabu ambacho wote tunajua hajakisoma. Mchoraji ni yuleyule, mkono uleule, pengine mwezi uleule. Binti anaweza akapita pauni 100,000. Mzee wa reli ukipata 5,000 mshukuru Mungu. Ni ubaguzi? Ndio, ni ubaguzi mtupu, mnunuzi wa leo anataka kitu kizuri cha kuangalia akinywa chai na hataki kuangaliwa na bosi. Mameya ndo wagumu kabisa. Meya na ule mkufu wake wa umeya, joho jekundu, tumbo. Halmashauri zilichora mameya mpaka basi, na hakuna anayemtaka meya isipokuwa mji wake, na mji wake ndo unaomuuza.

Mtoto anauzika, mbwa anauzika, mtoto na mbwa tumemaliza. Mwanajeshi mwenye nishani ana watu wake. Mwigizaji au mcheza dansi, hapo bei inaruka, kwa sababu ana hadithi. Na picha ambayo haijamalizika, ile sura imekamilika lakini bega ni mistari tu, zamani familia ilikuwa inaificha, sa hivi watu wanaigombea, wanasema ina uhai. Orpen alimchora binti mmoja anaitwa Gardenia St George, kashika fimbo ya kupandia farasi, mama yake alikuwa mpenzi wa Orpen, London nzima ilijua. Mwaka 2001 picha ikauzwa pauni 1,983,500 kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's. Sasa mtoe yule binti muweke jaji, uone.

Haya, ile aibu yangu. Mwaka wangu wa pili wa kutathmini, sio kubeba tena, nimepewa tai na kompyuta, ikaja potreti ya mwanamke, rangi ya mafuta, kama miaka ya 1910, mchoraji wa daraja la pili jina simtaji. Nyuma imezibwa na karatasi ya kaki, imejaa vumbi, siku ile tuna vitu 400 vya kuorodhesha. Nikaandika kwenye katalogi, mwanamke asiyejulikana, makadirio pauni 300 mpaka 500. Siku ya mnada naona simu tatu za wanunuzi zimeshikwa, kwa picha ya 300! Dalali anaanza 200, mara 1,000, mara 3,000, nikaanza kutoka jasho, nyundo ikagonga 8,500. Mnunuzi alipokuja kuichukua akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akachana ile kaki mbele yangu, chini yake lebo ya maonyesho ya Royal Academy, jina la yule dada limeandikwa kwa wino, alikuwa mwigizaji maarufu wa jukwaani. Jamaa alimtambua kwenye picha ya mtandao, sura tu. Aliyeuza alifurahi mno, bosi wangu hakufurahi, akanambia leo umebahatika walikuwa watatu, angekuwa peke yake angeichukua kwa 320 na sisi tungebaki na kesi. Nikamkumbuka mama. Angalia nyuma.

Kwa hiyo nyuma kuna nini. Kuna mbao ya kukazia kanvasi, inakuwa na namba nyeusi zilizopigwa kwa kibati kilichotobolewa, hizo ni namba za Christie's, ile nyumba kubwa ya mnada, ukiwa nazo unawauliza wanakutafutia iliuzwa lini. Kuna lebo za maonyesho, lebo za mtengeneza fremu, muhuri wa duka lililouza kanvasi. Kuna maandishi ya penseli, mama yake fulani, siku ya fulani. Halafu unaangalia kanvasi yenyewe kama imebandikiwa kitambaa kingine, maana yake iliwahi kuchanika au ilikuwa inalegea, na kama aliyebandika alitumia pasi ya moto sana rangi ya mbele inalala, ule mpigo wa brashi unakuwa bapa, na kwa watu kama Sargent mpigo wa brashi ndo mali. Halafu zima taa, chukua tochi ya mwanga wa zambarau, ile wanayokagulia noti bandia. Vanishi ya zamani inang'aa kijani kijani, na palipopakwa rangi juu yake baadaye panakuwa peusi kama doa. Nimeona mwanamke mzuri kabisa kwenye mwanga wa kawaida, ukimulika uso wote ni ramani ya Afrika. Hiyo bei unaikata nusu, saa nyingine zaidi ya nusu.

Na saini. Jamani saini isikutishe. Kwenye katalogi maneno ni sheria, tukisema imesainiwa tunamaanisha tunaamini kasaini mwenyewe, tukisema ina saini tumeshakuambia kwa adabu kwamba hatuamini. Tukiweka jina kamili la mchoraji ni yake. Tukisema inahusishwa naye, tunadhani. Tukisema ya karakana yake, vijana wake. Tukisema kwa mtindo wake, hata tarehe hatukuahidi. Kila ngazi unayoshuka sifuri moja inadondoka. Kwa de László angalau kuna watu wanaomtengenezea orodha kamili ya kazi zake, Sandra de Laszlo na wenzake, maelfu ya picha, unawatumia picha wanakwambia hii ni yake, alimchora mwezi fulani, alilipwa kiasi fulani. Nyumba makini haiuzi bila kuwauliza.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote kwenye hii biashara ni ya Boldini. Paris, wilaya ya tisa, karibu na Pigalle. Kuna mwanamke aliondoka kwenye fleti yake wakati wa vita vya pili, akakimbilia kusini, hakurudi tena, ila kodi alikuwa analipa. Miaka inaenda. Anakufa 2010, watu wa mnada wanaenda kufungua fleti waorodheshe vitu, vumbi, mbuni aliyekaushwa kasimama, sufuria jikoni, na ukutani potreti ya mwanamke kavaa gauni la waridi. Mmoja akahisi kabisa huyu ni Boldini. Lakini kwenye vitabu vya marejeo vya Boldini haimo, kwenye maonyesho haijawahi kwenda, kuhisi sio ushahidi. Wakapekua, wakakuta barua za mapenzi zimefungwa kwa utepe, na kadi ya Boldini ina maandishi ya mapenzi kwa mkono wake. Aliyechorwa alikuwa Marthe de Florian, bibi yake huyo mwenye fleti, mwigizaji, na mwenye wapenzi wakubwa wakubwa tuseme hivo kwa heshima ya wazee. Halafu wakapata kwenye kitabu cha mjane wa Boldini kwamba picha ni ya 1898. Ikaenda mnadani 2010 hiyo hiyo, bei ilianzia laki tatu hivi za yuro, ikafika yuro milioni 2.1. Sasa niambieni, rangi imeongezeka? Haijaongezeka hata tone, kilichoongezeka ni kadi moja na vumbi la miaka 70. Mtu alitundika ile hadithi.

Saa ngapi? Dakika kumi? Haya, hela.

Nyundo ikigonga 10,000 usidhani muuzaji kapata 10,000. Mnunuzi anaongezewa kamisheni, tuseme asilimia 25, ni 2,500, na kodi ya VAT juu ya hiyo kamisheni, 500, kwa hiyo kalipa 13,000. Muuzaji naye anakatwa, tuseme asilimia 15, ni 1,500 na VAT yake 300, anabaki na 8,200, hapo sijatoa bima na ada ya picha ya katalogi. Kati ya mfuko na mfuko pauni 4,800 zimebaki njiani, na njia ni sisi na mtoza kodi. Nacheka lakini ndo inanilipa kodi ya nyumba. Halafu kama mchoraji hajamaliza miaka 70 tangu afe, warithi wake wana haki ya asilimia kidogo picha ikiuzwa tena mnadani, isiyozidi asilimia 4. De László kafa 1937, huyo kashatoka. Mchoraji mwenzao Augustus John kafa 1961, kwa hiyo mpaka mwisho wa 2031 watoto wa watoto wanakula, na jinsi alivyokuwa na watoto wengi ni vizuri.

Kitu kingine, makadirio tunayaweka chini makusudi. Watu wanaona ni wizi, sio wizi, ni kama muuza samaki feri anavyoanza bei ya kuvuta watu. Bei ya siri ya muuzaji, ile ambayo chini yake hatuuzi, hairuhusiwi kuzidi makadirio ya chini. Ukiweka juu sana, picha inakosa mnunuzi, na picha iliyokosa mnunuzi inaitwa imeungua, kila mtu anaona kwenye mtandao kwamba ilishindwa, unakaa nayo miaka mitano. Meya wa pauni 300 anaweza akauzwa 700. Meya wa pauni 2,000 anarudi nyumbani.

Huko juu kwenyewe kukoje? Sargent rekodi yake ya mnadani kwa miaka mingi ni ya 2004, dola milioni 23.5, na sio potreti ya tajiri hata kidogo, ni marafiki zake wamelala kwenye majani na miavuli yao, mchana, hakuna aliyemlipa. Mwaka huo huo wa 2004 potreti aliyomchora mwandishi Robert Louis Stevenson na mkewe, Stevenson anatembea chumbani kama mtu aliyesahau funguo, iliuzwa dola milioni 8.8. Tamara de Lempicka, huyu alikuwa Paris, rangi zinang'aa kama bati jipya, potreti yake ya 1932 ya mwimbaji wa kabareti anaitwa Marjorie Ferry iliuzwa London Februari 2020 pauni milioni 16 na ushee, na mwaka 2009 ilikuwa imenunuliwa dola milioni 4.9. Na Novemba 2025 New York, Klimt, mchoraji wa Vienna, potreti ya Elisabeth Lederer, binti wa familia ya Kiyahudi ya Vienna, dola milioni 236.4. Nyundo ilichelewa dakika ishirini nzima watu wanapandishiana. Huyo binti alivyoingia Hitler alidai kwamba baba yake mzazi ni Klimt, ambaye hakuwa Myahudi, mama yake akamwandikia hati ya kiapo, akaponea hapo, akaja kufa 1944. Mnaona? Mchoraji kageuka baba wa karatasi kuokoa roho ya mtu aliyemchora. Ndo maana picha yoyote iliyokuwa Ulaya bara kati ya 1933 na 1945 tunauliza ilikuwa kwa nani mwaka kwa mwaka, na kukiwa na tundu hatuuzi mpaka tundu lizibwe. Sio roho nzuri tu, ni kwamba hakuna mwenye akili atakayeinunua.

Sasa naingia kwetu, kidogo tu. Kuna mchoraji wa Afrika Kusini, Irma Stern. Sio mchoraji wa matajiri kama hawa, lakini mnadani tunamkuta meza ya jirani. Alienda Zanzibar 1939 na tena 1945, akawachora watu wa Mji Mkongwe, na picha zake kadhaa akazitilia fremu za mbao za nakshi za hukohuko, za milango. Mwaka 2011 London, kwa Bonhams, mzee mmoja aliyemchora 1945 aliuzwa pauni 3,044,000, akaenda Qatar. Mwingine, wa 1939, kilemba na nguo nyeusi, alikutwa kwenye fleti moja hapa London, jikoni, wenyewe wanambandikia bili na kadi za posta juu yake kama ubao wa matangazo. Hiyo picha ilikuwa imetolewa sadaka miaka ya 50 ikauzwe kusaidia gharama za mawakili wa Mandela na wenzake kwenye kesi ya uhaini. Ikauzwa 2015 pauni 842,500.

Mi nilienda kuiangalia kabla ya mnada. Nikaigeuza kichwani kwa mazoea, jina la aliyechorwa? Hakuna. Kwenye katalogi anaitwa Mwarabu mwenye mavazi meusi. Yule wa milioni tatu, kasisi wa Kiarabu, kasisi! Sisi tuna shekhe, tuna mwalimu, tuna imamu, kasisi ni wa kanisani. Yani Gardenia St George ana jina, mama yake ana jina, na farasi wa mama yake ukitafuta utakuta ana jina, na yule mzee wa Unguja ambaye 1945 alikuwa mtu mzima, pengine ana nyumba na wajukuu, yuko Doha hana hata jina la baba. Na kibiashara tu, achana na uchungu, nimewaambia jina linaongeza bei. Pale halikuhitajika, ilitosha awe Mwarabu. Hilo nalifikiria kila nikichana kaki nyuma ya picha ya mtu. Kama kuna mzee hapa wa Unguja ambaye kwao wanakumbuka nani alikaa akachorwa na mama wa Kizungu mnene mwenye brashi, aniambie, niko tayari kuandika barua.

Maswali. Kijana pale, nimekusikia, unauliza ukiona kitu kwa mzee unayemlea ununue kwake kimya kimya? Hapana. Hapana kabisa, unaweza ukafungwa na utastahili. Hata kumshauri auze usimshauri. Ukiulizwa, mwambie aite watathmini wawili, kutathmini kwa mnada mara nyingi ni bure, na wanae wajue. We kazi yako usipige dawa ya kusafishia vioo kwenye kanvasi, nimeshaona, vanishi inaondoka na pua.

Haya mama yangu wa Surrey, nimefika kwako. Una picha yake kwenye simu? Lete. Tusubiri ifunguke. Aah, umepiga vizuri. Rangi ya mafuta, kama mita moja na robo, miaka ya 1920, hakuna saini ninayoiona, mzee kakaa kwenye kiti cha ngozi. Vuta hapo kifuani. Zaidi. Hicho kinachong'aa shingoni ni nini?

Jamani msicheke. Ni mkufu.

Mama, ni meya.

Pauni 400, kukiwa na jua. Fremu ni nzuri lakini.